Gamba la Diwani

Jumapili, 6 Aprili

Mitchel mwanangu, pokea salamu za nyumba nzima. Nitakupa moja moja ili asiachwe mtu akanuna. Baba yako anakusalimu. Amerudi jana kutoka kuendesha trakta za miwa, mgongo unamuuma lakini sahani anaimaliza. Kukhu, bibi yako, anakusalimu, anauliza kama huko Marsabit watu wanakula ngamia kweli na kama nyama yake itaweza meno ya bibi aliyebaki na machache. Kaka yako Joash anakusalimu kutoka Malava, na mke wake, na mtoto wao ambaye ameota jino na sasa anauma kila anayembeba. Mama Shantel wa hapa jirani anakusalimu pia. Zake nazileta kwa sababu amezituma. Ng'ombe ana mimba na anakusalimu kwa kula kamba. Kuku wako sawa, isipokuwa yule mwekundu aliyepotea, na kuhusu huyo sitaki kusema kitu leo siku ya Bwana. Mimi mama yako nakusalimu kuliko hao wote. Unalala wapi? Blanketi linatosha? Watu wanasema huko mchana ni moto na usiku ni baridi.

Diwani hasalimu mtu. Yuko hapa miguuni pangu karibu na mafiga, amejiingiza ndani ya gamba lake kama mtu aliyesikia harambee inakuja.

Uliniambia niandike kila siku amekula nini na yuko vipi, kwa sababu huko ulikoenda kuuguza watu simu haishiki mpaka upande kilima. Mvua zikipungua nitakutumia daftari kwa basi. Mimi na kalamu tuliachana darasa la sita, kwa hivyo ukikuta makosa usiwasomee wenzako.

Nimeshika yote uliyosema. Kwamba huyu kobe marehemu mwalimu alikuachia wewe kwa kuwa ulimuuguza mpaka mwisho. Kwamba kibali cha kumfuga kiko kwa jina lako. Kwamba Bi Cheptoo wa idara ya wanyamapori atakuja mwezi wa saba kumwangalia, na akimkuta hayuko sawa atamchukua. Hilo la mwisho ndilo linanikosesha usingizi. Wewe ulilisema ukiwa unapanda gari mwezi wa tatu, ukicheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 7 Aprili

Amekula. Mvua saa tisa, ya mawe.

Jumanne, 8 Aprili

Amekula kidogo. Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimempikia mrenda na kunde, nikatia munyu wa majivu ya maharagwe ndiyo mboga ilainike, nikaongeza maziwa kidogo. Na ule unga wako mweupe wa mkebe, wa kukaza gamba, nikatia kijiko humo humo sufuriani inapochemka. Ulisema ninyunyize kwa mboga, nanyunyiza kila siku bila kukosa. Nikapoza, nikamwekea kwenye kisahani cha Joash cha zamani.

Kukhu aliangalia akasema huyu Diwani anakula vizuri kuliko yeye. Nikamwambia mama, mgeni wa mtoto ni mgeni wangu. Siwezi kumtupia majani kama mbuzi.

Jumamosi, 12 Aprili

Baba yako yuko nyumbani. Amekaa akimtazama Diwani, kisha akasema wenzake kazini wanafuga ng'ombe wa gredi, yeye mkewe anafuga jiwe. Akauliza kama jiwe litazaa. Kukhu akacheka mpaka akakohoa. Nimewaacha.

Diwani namweka ndani ya sanduku la mbao jikoni. Huko nje ni tope, na kuna mwewe. Tena kuna hao wanafunzi wa chuo waliopanga vyumba vya Mama Shantel. Juzi mmoja alichungulia dirishani na simu akipiga picha. Mtu akishapiga picha ya kitu cha mwenzake, kesho anakuja na gunia. Mlango wa jikoni naufunga nikienda shambani. Ufunguo anabaki nao Kukhu.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Tulichinja. Baba yako alipewa firigisi yake, akala polepole watu wote wamwone. Ulipiga simu tukiwa bado mezani. Uliniuliza Diwani anakula, nikasema anakula. Ukaniuliza unga anapata, nikasema kila siku. Kisha simu ikakatika, nikabaki nimeishika sikioni kama mjinga, maana sauti yako ilikuwa imechoka. Unakula wewe?

Ijumaa, 25 Aprili

Nimerudi kutoka kupalilia mahindi nikamkuta Diwani NJE. Kwenye nyasi, karibu na kamba ya nguo ya Mama Shantel. Jua kali, yeye ametoa shingo yote na miguu yote, amelala hivyo kama nguo iliyoanikwa. Nikamwokota nikakimbia naye ndani.

Kukhu alikuwa amelala kitini. Nikamwuliza nani amefungua mlango, akasema upepo. Upepo gani wa kuzungusha ufunguo?

Sitaki kumhukumu mtu. Lakini kuku mwekundu alipotea upande huo huo.

Alhamisi, 1 Mei

Mitchel, leo sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilimwosha Diwani kwa maji ya vuguvugu kama ulivyonionyesha. Nilipomshika ukingoni, pale gamba linapokunja kuelekea tumboni, kidole changu kiliingia. Hakikutoboa. Kiliingia kama unapobonyeza ganda la chungwa lililokaa. Nikafikiri ni mkono wangu. Nikabonyeza tena upande mwingine, ni vile vile. Nikamwita Kukhu abonyeze, akasema mikono yake siku hizi haisikii kitu. Nikabonyeza kiti, nikabonyeza sufuria, ili nijue kama kidole ndicho kimeharibika.

Nimekuwa nikimpa unga kila siku ya Mungu. Mkebe umefika nusu. Sasa umekwenda wapi?

Nimeketi nikalia kidogo, si sana. Nilikuwa nafikiri Bi Cheptoo anaweka dole gumba lake hapo hapo nilipoweka langu. Halafu nafikiri wewe unapanda kilima huko unashika simu, na mimi nakuambia wamemchukua. Mtu aliachiwa kitu na marehemu, akakiacha kwa mama yake, na mama yake akakilegeza.

Kuanzia leo nampa vijiko viwili.

Jumapili, 4 Mei

Ulipiga. Nikasema hajambo. Nilijaribu kusema lile lingine, mdomo ukakataa. Wewe ulikuwa unanieleza juu ya mama uliyemzalisha barabarani na mtoto akalia vizuri. Sikutaka kuweka neno bovu juu ya hilo.

Jumanne, 6 Mei

Nimeenda mjini kwenye agroveti, duka la dawa za mifugo, la kijana anayeitwa Osiako. Ulinikataza kutangaza kwamba tuna kobe, wezi wasisikie, na duka lilijaa watu. Nikamwambia nataka madini ya kukaza mifupa. Akauliza ya mnyama gani. Nikasema kuku. Akauliza kuku wangapi, nikasema mmoja. Akaniangalia. Akauliza ametaga mara ngapi, nikasema hajawahi. Watu walianza kugeuka, nikalipa nikatoka na pakiti ya madini ya kuku wa mayai.

Ijumaa, 9 Mei

Diwani amekataa madini ya kuku. Amenusa mboga akageuka akaniwekea mgongo. Nimesaga maganda ya mayai, amekataa. Nimesaga omena, amekataa, paka ndiye amefurahi. Kukhu akasema nimpe chumvi ya ng'ombe alambe. Karibu nimpe. Nikaogopa dakika ya mwisho, maana ng'ombe ni ng'ombe.

Mvua tangu adhuhuri.

Jumatano, 14 Mei

Leo nimemkamata mtu.

Nilijifanya naenda shambani, nikarudi kupitia kwa migomba. Mama Shantel huyo hapo, amebeba Diwani kwa mikono miwili, anatoka naye jikoni kwangu. Jikoni KWANGU. Nikamwuliza anampeleka wapi.

"Hapa tu kwa nyasi," akasema.

Nikamwambia kwangu si duka la kujichagulia. Nikasema mengi, Mitchel. Nikasema habari ya wanafunzi na picha zao. Nikafika mpaka kwa kuku mwekundu, ingawa sikuwa nimepanga kufika huko. Yeye alinitazama kama mtu anayengoja mvua ipite. Nilipomaliza akamweka Diwani chini taratibu, akaniambia, "Mama Mitchel, kuku wako sijala. Na huyu mnyama wako anakwaruza mlango kutwa nzima mpaka wapangaji wangu wanadhani ni mwizi. Lakini sawa." Akaenda zake.

Jioni hakuniazima kichungi cha chai kama kawaida. Sikumwomba.

Ijumaa, 16 Mei

Nimehamisha ufunguo. Ninatembea nao. Kukhu amenuna.

Jumatatu, 19 Mei

Miguu ya nyuma anaiburuta. Alikuwanga anatembea ameinua tumbo kama gari la juu, sasa tumbo linafagia sakafu. Mboga ameacha. Sisemi zaidi. Kesho namfunua, wezi wasikie, ulimwengu wote usikie.

Jumanne, 20 Mei

Nilimweka ndani ya kikapu, nikamfunika kwa jani la mgomba, juu nikapanga sukuma wiki. Nilitembea nimekikumbatia kikapu kama mtoto wa kliniki. Kwa Osiako nilisimama pembeni mpaka watu wakaisha.

Akanikumbuka. "Yule kuku wako alipona, mama?"

Nikamwambia, "Ndiye huyu." Nikafunua.

Akamwangalia muda mrefu. "Mama, kuku wako amejenga."

Nilitaka kukasirika, lakini nikajikuta nacheka na machozi yananitoka, yote pamoja. Akanipa kiti. Alisomea mifugo chuoni, lakini akanieleza wazi kwamba habari za kobe walifundishwa siku moja tu na siku hiyo alikuwa na njaa. Kwa hivyo alimpigia mwalimu wake simu, akaweka sauti kubwa nisikie. Mwalimu akawa anauliza kule, Osiako ananiuliza mimi hapa, ingawa nilikuwa nasikia.

Anakula nini? Nikasema mboga, na ugali wetu wa obusuma kidogo akipenda. Mboga mbichi? Nikaona aibu kwa niaba yao. Nikamwambia mgeni hapewi mboga mbichi, nampikia vizuri, na munyu na maziwa. Osiako akafunika mdomo kwa mkono.

"Na ule unga wa madini?"

"Natia sufuriani inapochemka."

"Ukimaliza kupakua, chini ya sufuria kunabaki nini?"

Mitchel, hapo nikamweleza. Kila jioni chini ya sufuria kunakuwa na ukoko mweupe, nami nausugua kwa majivu na jani la msasa mpaka mikono inauma, nikisema masufuria ya siku hizi ni mabaya.

Osiako akasema polepole, "Basi hapo nyumbani anayekula madini ni sufuria."

Akaendelea kuuliza. Jua anaota saa ngapi? Nikasema haoti, yuko jikoni, kuna joto la moto usiku na mchana, hata mimi napenda. Akatikisa kichwa. Akaniambia hata huo unga ungefika tumboni wote, bila jua mwili wake hauushiki. Unaingia na kutoka. Akatafuta mfano, akaupata nje ya duka ambapo watu walikuwa wanajenga. "Mama, wewe umeleta saruji, na ukaleta tena, na ukaleta tena. Saruji imejaa uwanja. Lakini fundi hujamwita. Jua ndilo fundi."

Nikakumbuka ulipokuwa mchanga. Muuguzi wa Iguhu alinikuta nimekufunga blanketi mpaka puani, akaniambia mama, mtoto huyu mtoe asubuhi aone jua, mifupa yake ikaze. Nikawa nakukalisha mapajani kila asubuhi, miguu yako nimeipaka mafuta, unapiga teke hewani. Nilijua hayo. Nimeyajua miaka yote. Sikufikiri ni ya kobe pia.

Kisha mwalimu wa kwenye simu akauliza kitu ambacho kilinikaa. Akasema, kwa mnyama mdogo aliyefungiwa gizani tangu mwezi wa tatu na kula chakula cha kuchemsha, alitarajia gamba lote liwe laini na mnyama awe ameshalala asiinuke tena. Huyu ni kingo tu. Kuna mtu alikuwa anamtoa nje?

Nikasema ndiyo. Yuko mtu.

Jumatano, 21 Mei

Asubuhi jua. Nimemtoa. Nimekaa naye nje na fimbo ya mwewe.

Alhamisi, 22 Mei

Jua mpaka saa sita. Majani mabichi ya viazi vitamu, nyasi, na maua mekundu ya ua wa kanisa niliyoomba. Nimeyalowesha, nikanyunyiza unga juu kwa vidole, kidogo kama chumvi ya yai. Amenusa. Hakula.

Ijumaa, 23 Mei

AMEKULA UA MOJA. Mdomo umekuwa mweupe na mwekundu kama mtoto aliyeiba sukari.

Jumamosi, 24 Mei

Nimepeleka miguu yangu kwa Mama Shantel. Nilibeba maziwa na kile kichungi cha chai, maana nilikuta kumbe kile nilichoazima mara ya mwisho bado kiko kwangu. Alikuwa anaanika nguo. Hakuniambia karibu wala hakuniambia toka.

Nikamweleza yote ya Osiako. Nikamwambia wewe ndiye umekuwa fundi na mimi nikakuita mwizi.

Aliendelea kuanika shuka. Akasema alikuwa anasikia Diwani akikwaruza mlango kila jua likichomoza, anaenda kwa Kukhu anapewa ufunguo, anamweka kwa nyasi akifua, anamrudisha kabla ya mvua. Amefanya hivyo siku nyingi, mimi nilimkuta mara mbili tu. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulinipa nafasi? Ulifungua mdomo, kuku mwekundu akatoka."

Tukacheka. Si kicheko kirefu, lakini kilitosha kushika ncha ya pili ya shuka.

Nyumbani nikamwuliza Kukhu kuhusu upepo uliofungua mlango. Akasema hakuna aliyemwuliza vizuri. Nikamrudishia ufunguo.

Jumapili, 1 Juni

Ulipiga na safari hii nikasema. Nilikuambia gamba lililegea kwa sababu yangu na sasa nimeonyeshwa njia. Kisha ukaniambia, "Mama, wewe fanya tu." Sijui kama ulikuwa unalia au ni upepo wa huko.

Baba yako alisikia. Baada ya kanisa alitoa mbao za zizi la zamani, akapiga misumari mpaka jioni. Amejenga uzio mdogo pale jua linapoanza kugusa uwanja, na wavu wa kuzuia mwewe, na kibanda cha bati pembeni cha kujificha joto na mvua. Nilipomshukuru akasema hajengei jiwe, anajengea mkewe nafasi ya kurudi shambani, maana magugu yamezidi.

Jumanne, 10 Juni

Anakula. Miguu bado.

Jumatano, 11 Juni

Anakula.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua tangu asubuhi, hakuna jua. Nimezunguka nyumba kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Mama Shantel ameniita nikanywe chai akaniambia jua halijafa, limejifunika tu. Yule mwanafunzi wa picha ametuonyesha simu yake: picha nyingi za Diwani, amemtumia mama yake huko Lugari kwa sababu mama yake hajawahi kuona kobe. Anaitwa Lynette. Ni mtoto mwenye adabu sana. Amenisaidia kuchuma nyasi.

Ijumaa, 27 Juni

Mitchel, ameinua tumbo! Hatua chache tu, kutoka kibandani mpaka kwenye majani, lakini nimeona mwanga ukipita chini yake. Nimemwita Kukhu, Kukhu akamwita Mama Shantel, Mama Shantel akaita wapangaji. Watu wazima tumesimama kwenye uzio tukimtazama kobe akitembea. Angekuwa diwani wa kweli angeomba kura hapo hapo.

Kukhu siku hizi anatoa kiti chake kukaa karibu na uzio asubuhi. Anasema ni kumchunga. Magoti yake pia anayafunua.

Jumatatu, 7 Julai

Nimebonyeza ukingo. Mbele ni pagumu. Nyuma bado kidogo. Nimejizuia kubonyeza tena, Osiako alisema namchosha.

Jumapili, 13 Julai

Bi Cheptoo amepiga simu, anakuja Alhamisi. Nimefagia uwanja. Nimefagia tena.

Alhamisi, 17 Julai

Amekuja. Msichana mrefu, mpole wa sauti, buti zimejaa tope. Nilikuwa nimechemsha chai na kuandaa viazi, akasema kwanza mnyama.

Alimwinua, akamtazama macho, akamtazama mdomo, akampima uzito kwa mzani wa kuning'iniza. Kisha dole gumba likaanza kuzunguka ukingo, hivi, polepole. Nilikuwa nimemshika Mama Shantel mkono bila kujua. Dole likafika nyuma, likasimama.

"Hapa palilegea," akasema.

Baba yako, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini akidanganya kwamba ni mgongo, akaanza kusema kobe huyu amekuwa hivyo tangu kwa marehemu mwalimu. Nikamwambia Baba Mitchel, ngoja. Nikamweleza Bi Cheptoo mwenyewe. Jiko, munyu, maziwa, sufuria inayokula madini, vijiko viwili, kuku mmoja asiyetaga. Sikuficha. Nilifikiri, akimchukua, amchukue akijua alivyougua ndiyo amtibu vizuri. Nikamwonyesha mkebe, nikamwonyesha majani, nikamwonyesha jua linagusa wapi na saa zipi.

Hakuandika kitu nilipokuwa nasema. Alipochuchumaa tena akaniita nichuchumae karibu yake. Akanionyesha kwenye gamba, kati ya kipande na kipande, mstari mwembamba wa rangi ya maziwa. Akauchukua mkono wangu akaweka kidole changu hapo.

"Bonyeza."

Pagumu, Mitchel. Pagumu kama kucha.

Akasema huo ndio uliokua tangu alipoanza kuona jua. Ile nyuma iliyolegea itakaza lakini umbo lake litabaki limepinda kidogo, halitanyooka. Hilo mimi sitaweza kulifuta. Lakini akasema mnyama anapona, na anapona hapa hapa, haoni sababu ya kumhamisha.

Kukhu akasema kwa sauti kwamba sasa chai inapoa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimebakisha jambo moja na hilo ndilo linanifanya nitume daftari leo, nisingoje mvua ziishe.

Bi Cheptoo akinywa chai aliniuliza wewe unarudi lini. Nikasema kazi yako ya huko wameiongeza mpaka mwakani, na nilijisikia nikisema kwa majivuno, mimi ambaye nilikuwa naomba usiku wakurudishe. Akasema basi kuna shida ndogo. Kibali kiko kwa jina la mtu asiyeishi na mnyama, na hilo haliwezi kuendelea. Ama Diwani atafutiwe mahali pengine wanakofugwa, ama kibali kiandikwe upya kwa jina la yule anayemlisha. Atarudi mwisho wa mwezi kupata jibu, na jibu lazima litoke kwako.

Baba yako alidhani ni yeye, akaanza kutafuta kitambulisho mfukoni. Bi Cheptoo akaniangalia mimi.

Sasa mwanangu, sitaki kukunyang'anya kitu ulichoachiwa. Marehemu mwalimu alikupa wewe, hakunipa mimi, na mimi nusura nikuharibie. Ukisema apelekwe pengine, nitamfungia majani ya safari na sitakuuliza kwa nini. Lakini nikuambie ukweli wangu, maana hapa naandika, simu haitakatika. Shamba ni la jina la baba yako. Ng'ombe ni wa jina la baba yako. Hata kadi ya kliniki ni yako na ya Joash, mimi niliandikwa tu kama mama. Ningependa kitu kimoja hai kiwe na jina langu, hata kama kimepinda kidogo nyuma.

Baba yako anakusalimu tena, Kukhu, Mama Shantel kwa salamu za kweli safari hii, na Lynette ambaye hujamjua. Daftari litafika kwako wiki ijayo, dereva ameahidi. Ukilipata tu, usingoje Jumapili. Panda hicho kilima chako siku hiyo hiyo, hata kama umechoka, useme ndiyo au useme hapana, mimi nitakuwa nimekaa kwenye uzio na simu mkononi. Ikiwa ni ndiyo, mwambie Bi Cheptoo waandike kama ilivyo kwenye kitambulisho: Phoebe Musimbi.